Mahali Palipofifia kwenye Ramani ya Mauzo

Tuseme mfanyabiashara mwenye maduka kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa anafungua kompyuta na kuyaona mauzo yake yamepakwa rangi kwenye ramani: Thika imekolea, Matuu inafuata, Kithimani imefifia. Rangi hiyo iliyofifia inasema nini juu ya watu wa Kithimani? Jibu la haraka ni kwamba hawahitaji bidhaa zake. Naliona jibu hilo kuwa dhuluma, hata kama kila tarakimu iliyolizaa ni sahihi. Mauzo ni uhitaji uliokutana na pesa, na uhitaji usio na pesa hauandikiwi risiti. Anayenunua mahindi kwa gorogoro sokoni, au anayekopa sukari ikaandikwa kwenye daftari la mwenye kiosko, haonekani popote; naye anayepanda matatu kwenda kununua mabati Thika huikoleza Thika, kwa kuwa ramani hutazama duka lilipo, si anakolala mnunuzi. Mwanauchumi Amartya Sen alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha 1981 kuhusu umaskini na njaa. Katika njaa ya Bengal, India, mwaka 1943, watu wapatao milioni 3 walikufa ilhali upungufu wa chakula haukutosha kueleza vifo hivyo. Vibarua wa mashambani walikuwa miongoni mwa waliokosa uwezo wa kukinunua. Ramani ya mauzo ya mchele ya mwaka ule ingewaonyesha kama watu wasiotaka wali.

Kuna watakaonijibu kwa kumtaja John Snow, daktari aliyechora vifo vya kipindupindu vya mwaka 1854 mtaani Soho, London, na kuonyesha jinsi vilivyolizunguka bomba la maji la Broad Street. Ramani huokoa watu, watasema, na ni kweli. Lakini kwake kila alama ilikuwa kifo kimoja, awe tajiri awe fukara. Kwenye ramani ya mauzo, mwenye kutumia shilingi 10,000 ana uzito wa watu mia wenye shilingi 100 kila mmoja. Tena Snow hakupapita tu palipokuwa na alama chache. Karibu na bomba lile palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu zaidi ya 500, na waliokufa humo walikuwa wachache mno. Aliuliza kwa nini, akakuta wana kisima chao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfanyabiashara si mfadhili. Sawa, hakuna anayemdai ajaze rafu kwa hasara. Ila sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, ile inayoamuru mizani ya haki, humkataza pia mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate. Na sura ya 83 ya Qurani inaitwa kwa jina la wanaopunja vipimo. Kabla ya sadaka, basi, anadaiwa kipimo cha kweli, na kipimo kinachosema “hawataki” mahali pa “hatujui” kimepunja. Eneo la Yatta, iliko Kithimani, hulima kwa mvua na kwa maji ya mtaro uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, kwa hiyo pesa huja na mavuno na kuondoka na kiangazi. Anayetaka kufunga tawi Kithimani kwa sababu ya rangi ya miezi mitatu, atume kwanza mtu akaulize vioskoni ni bidhaa gani watu wanakopa.