Mashahidi wa Nuru Hafifu

Desemba 1995, Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi ya Baltimore, Marekani, inayosimamia kazi za darubini ya Hubble, aliamua chombo hicho kielekezwe mahali palipoonekana kama hapana kitu, katika kundinyota la Dubu Mkubwa. Baadhi ya wenzake walimwonya kwamba atapoteza muda wa thamani. Kwa siku kumi mfululizo Hubble ikapiga picha 342 za sehemu ile ile ndogo. Zilipounganishwa, zikatokea galaksi zipatazo 3,000.

Zile zilizofifia kabisa huwezi kuzitambua katika picha moja peke yake. Zimezama ndani ya chenga. Basi nani aliyeziona?

Wapiga picha za anga wa kawaida hukutana na swali hilo kila wanapotoa darubini uani. Nuru ya mbali hufika fotoni moja moja, bila ratiba. Pikseli inayostahili fotoni 100 mara itapata 91, mara 108. Ongeza joto la sensa na taa za mji, na wingu jembamba la gesi halionekani tena. Dawa ni kupiga picha nyingi na kuchukua wastani wake: picha nne hupunguza chenga kwa nusu, picha mia huzibakiza sehemu moja ya kumi. Gharama yake ni usingizi.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walishalichambua jambo la namna hii karne nyingi kabla ya kamera. Habari iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka, kiasi kwamba haiwezekani kwa kawaida wawe wamekula njama ya kusema uongo, waliiita mutawatir, nayo huleta yakini. Wapo waliotaja idadi, arobaini au sabini, lakini wengi wao walikataa kuifunga kwa hesabu. Walikuwa na haki. Watu mia waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Kamera nayo ina mashahidi wa namna hiyo. Pikseli mbovu hung'aa pale pale katika kila picha, na wastani hauwezi kuifuta hata ukikesha mwezi mzima. Ndiyo maana mpiga picha makini huisogeza darubini kidogo kati ya picha na picha. Nyota zikishapangwa zioane, nukta ya uongo hutawanyika huku na huku, na programu huitupa. Kisha hufunika lenzi na kupiga picha za giza tupu, kwa muda ule ule na joto lile lile, ili ajue kamera yake husema nini pale ambapo haioni chochote. Huko ni kumchunguza mpokezi kabla ya kuikubali habari yake.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazofuta chenga za picha moja kwa sekunde chache. Zimefundishwa kwa picha safi nyingi, kwa hiyo hujaza kile ambacho kwa kawaida huwapo. Matokeo yanapendeza, tena sana, lakini vumbi linaloonekana katika mkono wa galaksi huenda limetoka kwenye galaksi nyingine kabisa. Hapo shahidi anasimulia tukio ambalo hakulihudhuria.

Jicho la binadamu nalo si la kuaminiwa hivi hivi. Mwaka 1877 mwanaastronomia Giovanni Schiaparelli, akiwa Milano, alichora mistari juu ya Mirihi. Percival Lowell, kule Arizona, akaichora kwa miaka mingi akiamini ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Wengine nao wakaiona. Chombo cha angani Mariner 4 kilipoipita Mirihi mwaka 1965, hakikukuta mfereji wowote. Waliokuwa wameiona mistari hawakuwa waongo, ila wengi wao walikuwa wamekwisha kuiona ramani kabla ya kuiangalia sayari.

Wanasayansi waliotoa picha ya shimo jeusi la galaksi M87 mwezi Aprili 2019 walijihadhari na mtego huo. Waligawanyika vikundi vinne, na kila kikundi kikatengeneza picha yake kutokana na data zile zile za redio bila ruhusa ya kuzungumza na vingine. Walipokutana kulinganisha, picha zilitofautiana kwa mambo madogo madogo, lakini zote nne zilikuwa na pete, iliyong'aa zaidi upande wa kusini.