Kaa na Nyumba Asiyoijenga

 

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tulifikia aya ya 6 ya Surat Hud, ambamo Mola wetu atujulisha kwamba hapana kiumbe atambaaye ila riziki yake iko juu Yake Yeye, na kwamba ayajua makao yake na pahali pa kuhifadhiwa kwake. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, asomaye elimu ya viumbe vya baharini, akaomba ruhusa atueleze habari ya kaa wakaao ndani ya miamba iliyojengwa na minyoo. Akaeleza, na wazee wakasikiliza. Alipomaliza, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa hili: "Sheikh, kaa huyo aliwa?"

Watu wakacheka. Nami nikajibu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kauli itegemewayo ni kuwa kaa haliwi, na ndugu zetu Wamaliki wamemhalalisha. Jawabu ni sahihi, lakini niliporudi nyumbani sikupata utulivu. Tumeonyeshwa ishara katika ishara za Mola wetu, na sisi tumeuliza habari ya tumbo! Kwa hiyo naomba niirejee habari ile hapa, ili nijibu swali ambalo halikuulizwa.

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kaskazini-magharibi, iko ghuba iitwayo Mont-Saint-Michel, kwa jina la kisiwa chenye kanisa kongwe. Maji ya huko si kama haya yetu. Bamvua ya Mombasa haifiki mita 5. Bamvua kubwa ya ghuba ile hupanda kiasi cha mita 14, na yakipwa huacha uwanda wa mchanga na tope usioonekana mwisho wake kwa macho. Katikati ya uwanda huo limesimama jengo ambalo hakulijenga mwanadamu. Wataalamu husema ndilo kubwa kuliko yote yaliyojengwa na viumbe hai katika pwani za Ulaya. Mwashi wake ni mnyoo wa urefu wa sentimita chache tu, na wenye elimu humwita Sabellaria alveolata. Mtu akimtia kiganjani hamwoni kuwa ni kitu.

Basi tazameni kazi yake. Maji yanapojaa, mnyoo huyu hutoa vinyweleo vyake, akanasa katika maji chakula na chembe za mchanga. Chakula hukila, chembe za mchanga na vipande vya kombe huzichagua, akazipaka utomvu autoao mwilini mwake, akaziweka moja baada ya moja kwenye ukingo wa kijumba chake, kama mwashi apangavyo mawe kwa chokaa. Kijumba hicho ni mfano wa mwanzi mwembamba. Jirani yake naye hujenga chake kikishikamana na hiki, na wa tatu kadhalika, hata yakawa makumi ya maelfu katika mita moja ya mraba, mfano wa sega la nyuki. Maji yakipwa, kila mmoja hujirudisha ndani na kuufunga mlango wake, akangoja. Kwa mchanga huo ambao mtoto aweza kuutawanya kwa mguu, husimama mwamba ufikao kimo cha mita moja na zaidi, nao hupigwa na mawimbi mchana na usiku.

Na lililonishangaza zaidi ni hili. Watoto wa minyoo hii huzaliwa wakielea baharini, wakachukuliwa na mikondo kwa majuma mengi kabla ya kutua. Mwaka 1968 mtaalamu Mwingereza D. P. Wilson alitangaza uchunguzi wake, akabainisha kwamba mtoto huyo humpendeza zaidi kutua pale agusapo utomvu uliotumiwa na wa jinsi yake katika kujenga. Yaani hutambua ujenzi wa waliomtangulia, akashika papo hapo, akaanza kazi. Mnyoo mmoja huishi miaka michache tu. Mwamba hudumu kwa sababu kila anayekufa yuko ajaye kuendeleza kazi yake.

Sasa twaja kwa kaa wetu. Yeye hajui kujenga. Yuko mmoja mdogo, bapa, mwenye manyoya na magando mapana, jina lake kwa wataalamu ni Porcellana platycheles. Mwili wake ni mwembamba na adui zake ni wengi. Lau angaliachwa juu ya mchanga mtupu wa ghuba ile, asingaliiona bamvua ya pili. Lakini yeye hukaa katika nyufa za mwamba wa minyoo, ambamo mna kivuli na unyevu hata bahari ikiwa imeondoka mbali. Wala hamuudhi mwenye nyumba: chakula chake hukipepea katika maji kwa nywele zilizo kinywani mwake. Pamoja naye wako kaa wengine wenye manyoya, na watoto wa kaa wakubwa wajificao mpaka gamba lao likomae, na jamii ndogo ndogo za mfano wa uduvi zisizohesabika. Wako pia kaa wa pwani, wakali, ambao hupita humo kuwinda. Si wapangaji wote walio wema, na haya hayahitaji tafsiri kwa mtu aliyewahi kuwa na nyumba.

Ni nani, basi, aliyempa kaa huyu makao aliyotajiwa katika aya? Ni Mwenyezi Mungu, hapana shaka. Lakini sababu aliyoiweka ni mnyoo asiye na macho ya kumwona kaa, wala hana habari naye.

Hapa mmoja wenu atasema: Sheikh, mnyoo hana nia, na pasipo nia hapana thawabu. Kweli kabisa. Mimi sisemi mnyoo ameweka wakfu. Wakfu una tamko lake na sharti zake katika vitabu vya fikihi. Mnyoo amejenga kwa maumbile aliyoumbiwa. Ila Mtume s.a.w., katika hadithi ya Anas iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba Mwislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na huyo mpandaji hamjui yule ndege. Ikiwa mnyoo asiyeamrishwa humhifadhi asiyemjua, sisi tulioamrishwa tuko wapi?

Tena kijana wetu alitueleza jinsi mwamba ule unavyoharibika. Mawimbi peke yake hayauvunji upesi. Tundu dogo minyoo huliziba kwa majuma machache. Lakini watu huenda pale maji yakipwa kuokota chaza na kaa, wakaukanyaga kwa viatu vizito, na wengine wakang'oa mapande kwa vyuma ili wampate aliyejificha ndani. Pande likishang'oka, mawimbi yamepata mlango. Na pale ambapo minyoo imekufa wala haikuja mingine, vijumba vitupu husagika vikarudi kuwa mchanga. Kaa hustarehe katika nyufa za jengo lililochakaa, tena huenda akaona nafasi imezidi, kumbe nyumba inamwondokea. Na ghuba hiyo tangu mwaka 1979 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia!

Ndugu zangu, nilipoyasikia hayo moyo wangu haukubaki Ufaransa. Ulikwenda kwenye nyumba mbili za mawe zilizo mtaa wa pili kutoka hapa nilipo.

Mimi nilisoma juzuu zangu katika chuo kilichoendeshwa kwa kodi ya nyumba hizo. Bibi aliyeziweka wakfu alifariki kabla ya kuzaliwa kwangu. Mkeka niliokalia, mafuta ya taa, na posho ya mwalimu aliyenifundisha alifu, vyote vilitoka kwake, naye hakunijua. Leo moja ya nyumba hizo haina sakafu ya juu, na mtini umeota ukutani. Ya pili ina mpangaji alipaye kodi ya zamani, naye aipangisha kwa wengine kwa kodi ya leo, na tofauti yake huitia mfukoni. Kisha humkuta katika safu ya mbele. Na msidhani nawasema wengine tu. Mimi niliketi pamoja na waangalizi wa wakfu huo miaka miwili. Tulikutana mara mbili. Tulisoma Fatiha, tukanywa kahawa, tukaondoka. Hakuna aliyeuliza habari ya boriti.

Kila mwaka twamsomea bibi yule khitma, na pilau hupikwa. Nimehesabu gharama ya pilau ya mwaka jana: ingalitosha chokaa na mafundi wa kuziba ufa wa ukuta wa kaskazini. Simkatazi mtu kumwombea maiti, kwani dua ni katika yamfaayo. Lakini hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Muslim imetaja mambo matatu yasiyokatika baada ya kufa: sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Sisi twashika moja lililo jepesi kwetu, na lile la kwanza twalibomoa kwa mikono yetu. Saidina Umar alipoiwakifu ardhi yake ya Khaybar aliruhusu mwangalizi ale humo kwa wema, pasipo kujilimbikizia mali. Alimwachia mwangalizi chakula, hakumwachia nyumba.

Na tena watoto wetu hutuangalia tulipojenga. Wakikuta magofu, watue wapi?

Kwa hiyo twaomba yeyote mwenye hati ya zamani ya wakfu, hata ikiwa imeliwa na mchwa, au anayekumbuka mipaka ya nyumba, kisima au shamba lililowekwa wakfu katika mji wetu, aje darsani Alhamisi baada ya Isha. Tumeanza daftari. Nyumba mbili nilizozitaja zimeandikwa ukurasa wa kwanza, na chini yake limeandikwa jina langu pamoja na deni la miaka miwili ya uangalizi. Fundi mwashi mmoja amekwisha kuupima ufa wa ukuta wa kaskazini. Amesema kazi yapasa ianze kabla ya mvua za masika.