Ua la Mlimani ni la Nani?

Kuna maswali ambayo ukiyauliza kijiweni unachekwa. Hili ni mojawapo: ua ambalo hakuna aliyelipanda, lililoota lenyewe mlimani baada ya mvua za kwanza, ni la nani? Ni la yule anayelitazama akafurahi, au la yule anayelichimba akauza apate hela ya unga? Usicheke kwanza. Huku kwetu swali hili lina bei na lina mnunuzi, na tangu mwaka 2005 lina hata askari wa hifadhi.

Mimi naishi Ramadhani, Njombe mjini. Sisi hatuna majira ya maua kama yale tunayoyasoma katika vitabu vya Wazungu, ambako theluji inayeyuka na ndege wanarudi. Tuna kiangazi kirefu chenye baridi katikati, na mwisho wa kiangazi watu huchoma nyasi mpaka vilima vinabaki vyeusi kama sufuria ya jikoni. Halafu Novemba mvua inaanza. Wiki chache tu, katika majivu yaleyale, maua yanatoka: ya manjano, ya zambarau, mengine marefu yenye vichwa vyekundu kama kijinga cha moto. Mtu wa Dar akisikia hivi anadhani nimeshaanza kutunga riwaya. Lakini siri ni nyepesi. Mengi ya maua haya yana kiazi au kitunguu chake chini ya udongo. Moto unapita juu, akiba iko chini, imelala, inasubiri mvua.

Januari moja nilipanda kilima kimoja nyuma ya mashamba pamoja na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Si safari ya kujisifia. Ni mwendo wa saa moja tu, ukiwa na pumzi, na tulirudi kabla ya mvua ya mchana. Kaka alikuwa na siku mbili bila kibarua (anabeba mbao), mimi nilitaka kupumzika na daftari langu. Juu kulikuwa na upepo. Chini mashamba yalikuwa yamekatwakatwa kama kanga iliyoanikwa: mahindi ya kufika magotini, viazi mviringo vikiwa na maua meupe, mistari ya miparachichi michanga, na kwa mbali weusi wa misitu ya paina na miwati. Bondeni, kando ya mto, vilionekana vinyungu, vile vibustani vyetu vya kiangazi, safari hii vimelala chini ya maji. Nikasema, "Kaka, ona palivyopendeza!" Naye akaniambia, "Dogo, wewe unaona picha. Mimi naona palizi."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Wengi wetu tunaojaribu kuandika tungelipokea kama hukumu ya mwisho: kwamba uzuri wa mashamba ni starehe ya aliye juu ya kilima, na aliye chini na jembe hana muda nao. Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu, na zangu mwenyewe zimo, zinazoanza na jua kuchwa nyuma ya milima na ndege kuimba. Ukurasa wa pili shujaa amepanda basi kwenda mjini, na milima haionekani tena. Tunaitumia kama pazia. Kwa hiyo anayetukemea kwamba mandhari ni anasa ana jambo la kusema.

Ila mimi simkubalii moja kwa moja. Anayesema mkulima haoni uzuri kwa sababu amechoka, amemtukana mkulima huku akidhani anamtetea. Bibi yangu amelima maisha yake yote. Akipalilia mahindi, akafika penye ua fulani la zambarau linaloota kwenye kingo za shamba lake, jembe linapinda na kupita kando. Haliliwi, si dawa, halifukuzi wadudu. Niliwahi kumuuliza kwa nini analiacha. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua, akasema, "Si limependeza?" Basi. Akaendelea kulima.

Ukitaka ushahidi mkubwa kuliko bibi yangu, nenda Makete. Huko kuna uwanda wa Kitulo, juu kabisa, yapata mita 2,600 toka usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea nao wameupachika jina lao, Serengeti ya Maua. Mwaka 2005 ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake na si kwa ajili ya simba na tembo. Aina za okidi peke yake zinazidi arobaini. Jina hili la Bustani ya Mungu halikutungwa na mtalii. Limetoka midomoni mwa watu wenye majembe na mifugo. Waliona.

Hapa ndipo ugumu unapoanza, maana kuona hakukuzuia kuchimba.

Okidi nyingi za uwanda ule zina kiazi chini. Wenzetu wa Zambia wanakitwanga, wanachanganya na unga wa karanga, wanapika mpaka kinagandamana kama mkate, kisha wanakatakata vipande. Wanakiita chikanda, na ni chakula kinachopendwa sana, vijijini na mijini. Viazi vilipoanza kuadimika kwao, wafanyabiashara wakageukia milima ya huku. Watafiti waliofuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka mpaka kutoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Hebu soma tena hesabu hiyo polepole. Kila kiazi kilikuwa ua.

Kaka yangu aliwahi kubeba mbao upande wa Makete, na mambo haya anayajua kwa mikono. Pale kilimani alichutama penye okidi moja ya rangi ya waridi, akachokonoa udongo kwa ncha ya panga, akaitoa nzima. Ilikuwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa kama shavu la mzee. Hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa. Hicho ni cha ua la mwaka kesho. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Kilichosinyaa kinatupwa hapohapo, maana hakina kitu tena.

Kwa maoni yangu, mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya mkulima angeweza kuelewa jambo hili bila semina. Juu ya moshi wa jiko la bibi yananing'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake. Hata mwaka ule tulipokula ugali mara moja kwa siku, hakuna aliyeyagusa. Mtoto anajua kabla hajajua kusoma: hii si chakula, hii ni mwakani. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema ugomvi wa chikanda ni kati ya wapenda maua walioshiba na maskini wenye njaa. Mkulima mwenyewe ana sheria inayokataza kula mbegu, na ni kali kuliko ya serikali.

Nilimwambia kaka maneno hayohayo, nikijiona nimesema. Alikuwa ameketi, anapangusa kile kiazi kwenye suruali. Akaniambia kwamba pale stendi ya Makambako, ambapo barabara ya Songea inaachana na ile kuu ya kwenda Zambia, kuna mtu alimuuliza kama anaweza kupata mzigo wa vitu hivi, na bei aliyomtajia ilizidi ujira wa kubeba mbao kutwa. Halafu akauliza: "Mbegu ya bibi ni ya bibi, hilo nalijua. Hii ni ya nani?"

Nikamjibu, "Ni ya wote."

"Basi na mimi nimo," akasema.

Msomaji, nimelizungusha jibu hilo kwa miezi mingi. Lingekuwa la kijinga ningekuwa nimelala usingizi wangu. Tatizo ni kwamba ni la kweli. Anayekula mbegu yake mwenyewe anapata hasara mwenyewe, ndiyo maana anajizuia. Anayechimba mlimani anakula mbegu ya wote, hela anapata peke yake, na hasara inagawanywa kwa watu wengi mpaka kila mmoja haioni. Na akijizuia yeye, atakuja mwingine kesho na gunia. Hapo wema wa mtu mmoja unafanana na ujinga, na ni vigumu kumhubiria mtu ambaye hajapata kibarua siku mbili.

Serikali imejibu kwa namna yake: imeweka hifadhi. Kitulo si ya wote tena kwa maana ile ya kaka; ina mpaka, ina askari, ina kiingilio. Mimi naunga mkono, na nalisema wazi kwa sababu najua baadhi ya wenzangu hawatapenda. Bila mpaka ule, kwa kasi ile ya mamilioni, tungekuwa leo tunaonyeshana okidi za Kitulo kwenye picha. Lakini kuunga mkono katazo si kuunga mkono mahubiri. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "usichimbe" na kumwambia "huchimbi kwa sababu hujui thamani ya ua". La pili ni uongo. Aliyeuita uwanda ule Bustani ya Mungu alijua thamani.

Tena tuangalie pareto. Nalo ni ua, jeupe, lenye moyo wa manjano, linalimwa sana Makete na kwingineko huku kwenye baridi. Linachumwa moja moja, mara nyingi na akina mama, linakaushwa, linauzwa kwa kilo, na dawa yake inaua wadudu. Shamba la pareto likichanua ni zuri kupita maelezo, na hakuna aliyewahi kusema anayelichuma ameua uzuri. Kwa nini? Kwa sababu linachumwa kichwa, shina linabaki, na mwenye shamba anajulikana. Kwa hiyo kosa haliko katika kupata hela kwa ua.

Narudi kwenye "nimo". Nadhani kaka ana fungu, kweli. Lakini fungu lake ni kiasi gani? Mtu mwenye haki ya kuchota kisimani hana haki ya kuondoka na kisima. Huku kwetu watu wa vinyungu wanajua kugawana maji ya mfereji kwa zamu: leo wewe, kesho yule, na anayeziba njia ya mwenzake usiku anaitwa mbele za wazee. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha. Ila maji yasipofika kwenye mchicha wako unayaona asubuhi hiyohiyo. Okidi isipotoka mwakani, nani ataamka asubuhi akasema nimeibiwa? Labda bibi. Labda mtu kama mimi mwenye daftari, na mtu wa daftari hana sauti kubwa mbele ya wazee.

Na ile Kitulo ina askari. Kilima chetu hakina. Hakina kibao, hakina kiingilio, sijawahi kumwona mtalii pale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezipa halmashauri za vijiji madaraka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na vijiji vinaweza kujitungia sheria ndogo. Sisi wa mjini tuna mikutano ya mtaa. Mahali pa kulizungumza papo. Nimehudhuria mikutano mitatu tangu siku ile. Tulijadili mbuzi wanaozurura, moto unaovuka kuingia kwenye miti ya watu, barabara, michango ya madarasa, na mtu mmoja aliyehamisha mpaka wa shamba lake hatua nne. Mwishoni mwa kila ajenda huwa kuna kifungu kinachoitwa mengineyo, na kikifika wingu limeshashuka na watu wameshaanza kunyanyuka. Kama maua yataingia, yataingia hapo. Kaka amesema mkutano ujao atakuja na kile kiazi mfukoni, nikiwa tayari kusema.