Siafu wa Kandoro ni wa nani leo?

Saadani Abdu Kandoro alikuwa mtu wa Ujiji, jirani zetu sisi wa Mpanda: unashika njia ya Uvinza, unaendelea mpaka ziwani. Mwaka 1954 alikuwa mmoja wa watu 17 walioanzisha TANU, tena malenga. Shairi lake “Siafu Wamekazana” linajulikana hata na watu ambao hawajawahi kushika diwani. Siafu wanamvaa nyoka, na msikilizaji wa enzi za mkoloni hakuhitaji kuambiwa nyoka ni nani.

Sasa mkoloni aliondoka 1961. Je, nyoka aliondoka naye?

Wapo wanaosema ndiyo. Shairi lilikuwa silaha, vita imekwisha, silaha irudi ghalani; kazi ya mshairi iliyobaki ni kueleza sera kwa vina. Na ilifanyika hivyo. Mathias Mnyampala alizikuza ngonjera zikafundisha Ujamaa, na siwezi kumwita mnafiki, aliamini. Ila ngonjera za siku hizi, jamani! Sisi waandishi tunaomsubiri mgeni rasmi juani tunazijua: watoto wanaisifu barabara ambayo vumbi lake bado liko kwenye mashati yao.

Mimi naona Kandoro alitunga kitu kikubwa kuliko chama chake. Angemtaja gavana kwa jina, shairi lingezeeka na gavana. Alichagua fumbo, na fumbo halina kadi ya chama. Mkulima wa tumbaku anayezungushwa malipo yake anaweza kuliazima kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini kama yeyote anaweza kuliazima, basi hata mwenye nguvu anaweza. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende na nyoka, na watu wakakazana kweli. Huku kwetu Katumba na Mishamo wanaishi familia zilizokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Si mahali pa kumwita binadamu nyoka kimzahamzaha.

Huwa najitetea kwamba tofauti iko kwenye ukubwa: siafu wa Kandoro walikuwa wadogo, na aliyekuwa na bunduki ni nyoka. Utetezi huo unanisaidia mpaka siku ya ushindi tu. Siafu wakishashinda ndio wengi, ndio wenye shimo, na nyoka aliyebaki peke yake ndiye mnyonge.