Haki ya Jiko na Adabu ya Sinia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia riziki kuwa na njia, na nyumba kuwa na utulivu, na mume na mke kuwa vazi la kusitiriana. Na rehema na amani zimshukie Bwana Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Amma baad.

Alikuwako mtu mmoja katika mji wa pwani, mwenye duka dogo la nguo, naye ana mke na watoto watatu. Mkubwa wao umri wake miaka sita, na mdogo angali akinyonya. Mtu huyu alikuwa akisali sala zake kwa jamaa, wala hakujulikana kwa ubaya sokoni. Siku moja katika masika alimpeleka mtumishi wa dukani na samaki nyumbani, naye samaki akafika mchana umekwisha panda. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, jiko limejaa moshi, na yule mtoto wa kunyonya ana homa, hataki kutua chini. Basi mke akakuna nazi na mtoto yu mgongoni, akachuja tui la kwanza na la pili, akautia wali, akaupalia makaa juu ya mfuniko. Kisha mtoto akatapika. Alipokuwa akimwosha, wali ukashika moto chini, harufu ikaenea chungu kizima.

Baada ya adhuhuri mume akaja na mgeni. Sinia likatandikwa, akatia tonge kinywani, akalitoa. Akamwita mkewe hata akasimama penye mlango, na watoto wawili wakubwa wakimtazama, akamwambia, “Ukiniunguzia wali tena, umeachika.” Yule mgeni akainamisha macho yake. Aliendelea kula mpaka akamaliza kilicho mbele yake, akawa akimsifu samaki.

Maneno yale yalikuwa manne kwa hesabu ya kinywa, walakini kila atakayeyapima kwa mizani ya sharia ataona ndani yake makosa yaliyopandana.

Kwanza ni kudhani kwamba wali ule ulikuwa ni deni juu ya mkewe. Wanaume wengi hudhani hivyo, wala hawakusoma mahali popote. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni 1277 wa Miladi, kitabu kilichosomeshwa miaka na miaka katika darsa za pwani, mlango wa nafaka umeeleza kwamba tajiri juu yake ni mudi mbili kwa kila siku, na maskini mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu, katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji. Na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Tena si nafaka kavu tu: kusaga na kuoka ni juu ya mume kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na juu yake pia idamu, yaani kitoweo, kwa kadiri ya ada ya mji na kwa kugeuka kwa misimu, na juu yake vyombo vya kupikia na vya kulia na vya kunywea. Na mwanamke aliyezoea kuhudumiwa kwao, mume humwekea mtumishi. Ndipo wafuasi wa Imamu Shafii wakasema kwamba si wajibu juu ya mke kumpikia mumewe, wala kumwokea, wala kumfulia. Wako maulamaa wengine walioona kwamba huduma humlazimu kwa kadiri ya ada ya watu wake, na kauli yao yajulikana. Lakini mtu wa pwani asemaye “mimi ni Shafii” katika kunuti ya alfajiri na katika kusoma Bismillahi kwa sauti, ni ajabu akiusahau ushafii wake afikapo penye chungu.

Basi akipika mke, na hupika, huo ni wema wake. Na mtu aliyetendewa wema akautupa mbele ya mgeni, hesabu yake si ndogo. Wala haisemwi hapa kwamba wanawake wayatie maji mafiga kesho asubuhi. Nyumba haiendeshwi kwa kudaiana mudi. Na mke akila pamoja na mumewe kwa ada iliyozoeleka, ile nafaka huwa imekwisha lipwa, wala hapana wa kumdai mwenziwe. Hukumu husomwa ili mtu ajue mpaka uko wapi, apate kushukuru asichokidai.

Bibi Fatima, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa akisaga kwa mkono hata jiwe likamwachia alama, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Mtume hakumkemea kwa kushitaki kazi. Alikwenda kwao usiku, nao wamekwisha kulala, akaketi baina yake na mumewe Bwana Ali, akawafundisha tasbihi na tahmidi na takbiri za wakati wa kulala, akawaambia kuwa ni bora kwao kuliko mtumishi. Katika khabari hii watu hukumbuka idadi ya tasbihi na husahau kwamba baba alitoka usiku kwa ajili ya mkono wa binti yake uliochubuka.

Kosa la pili ni kukiaibisha chakula. Imepokewa na Bwana Abu Huraira, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula hata siku moja, akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Hapa pana elimu nzuri kwa wenye kinywa chepesi. Kuacha kula hakukatazwa. Mtu ana ruhusa asipende bamia, wala halazimishwi kumeza wali uliokaa moshi. Kilichoachwa ni neno. Na siku moja Mtume aliwauliza watu wa nyumba yake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaitaka, akaila, na huku akiisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Na katika nyumba hizo hizo, Bibi Aisha alimhadithia mpwawe Urwa, ilikuwa huandama miezi mitatu katika muda wa miezi miwili wala haukuwashwa moto wa kupikia. Chakula chao tende na maji, ila maziwa waliyoletewa na majirani wao wa Kiansari.

Tena iko khabari ya sahani, aliyoipokea Bwana Anas. Mtume alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwingine akamletea chakula kwa mkono wa mtumishi. Yule mwenye zamu akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika, na watu wapo. Atazame mwanamume yeyote moyoni mwake angefanya nini saa hiyo, mbele ya wageni! Mtume alikusanya vipande vya sahani kwa mkono wake, akakusanya na chakula kilichomwagika, akawaambia waliohudhuria kwamba mama yao ameona wivu. Kisha akamzuia mtumishi hata akaletewa sahani nzima kutoka nyumba ile, akampelekea mwenyewe aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja. Haki ilitimizwa, mwenye kuvunjiwa akalipwa, wala hapakuinuliwa sauti. Na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote waliokuwapo.

Na aliulizwa Bibi Aisha, Mtume akifanya nini nyumbani kwake? Akajibu kwamba alikuwa katika kazi ya watu wa nyumbani, na sala ikifika wakati wake hutoka kwenda kusali. Leo wako wanaume wakiona kwamba kumshika mtoto wakati mama yake anapika ni kazi ya kupunguza heshima, lakini kukaa barazani tangu asubuhi hata adhuhuri kwa kikombe kimoja cha kahawa haipunguzi.

Ama lile neno la kutundika talaka, hilo ndilo lililo na hatari kuliko yote, na watu hulichezea kama tasbihi. Yule mtu, hasira zilipokwisha, alikwenda kwa mwalimu mmoja baada ya isha akamwuliza kama aweza kulirudisha. Akajibiwa, katika madhhabu ya Imamu Shafii talaka iliyokwisha tundikwa juu ya sharti hairudishwi kwa kujuta. Yakaa pale pale ikingoja sharti lake. Mke akiunguza wali kwa kusudi, hali akilikumbuka neno, ameachika talaka moja, na mume ana ruhusa ya kumrejea maadamu yumo katika eda, ikiwa hajapata kumwacha mbili kabla yake. Na ikiwa aliunguza kwa kusahau lile neno, na yeye ni mtu mwenye kujali kiapo cha mumewe na alikijua, basi kwa kauli yenye nguvu haikuanguka. “Walakini,” mwalimu akamwambia, “nani atakayeingia katika kifua cha mkeo ajue kama alisahau au hakusahau? Umekitia chungu chako mashaka mpaka mwisho wa umri wako.”

Yule mtu akarudi, naye bado amejipa moyo kwamba mambo yatapita.

Ikawa siku ya pili yake au ya tatu, wakati wa alasiri, amekaa barazani na jirani yake. Watoto walikuwa uani wakicheza mchezo wa kupika kama wachezavyo watoto wote; kifuu ndicho chungu, mchanga ndio wali, na majani ya mkunazi ndiyo mchuzi. Mtoto mwanamke wa miaka minne ndiye mke, na ndugu yake wa miaka sita ndiye mume. Mke akapakua. Mume akaketi, akachovya kidole, akatema. Akasema kwa sauti ya baba yake hasa, hata mpando na mshuko wake, “Ukiniunguzia wali tena, umeachika.” Na yule mdogo akainamisha kichwa, akakichukua kifuu chake, akaenda kusimama mbali penye ukuta, kama alivyoona mama yake akisimama.

Jirani alisikia. Mwenye nyumba naye alisikia, akashindwa la kusema.

Watoto wadogo hawakusoma fikihi, lakini hukariri kila wanachosomeshwa, na chuo chao cha kwanza ni sinia. Bwana Umar bin Abi Salama alikuwa kijana mdogo katika malezi ya Mtume, mwana wa mkewe Bibi Umm Salama. Akila, mkono wake ulikuwa ukitangatanga katika sahani. Mtume akamwelekeza kwa upole ataje jina la Mwenyezi Mungu, na ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba hivyo ndivyo ulaji wake ulivyokuwa tangu siku ile. Lilikuwa fundisho moja katika sinia moja, likadumu umri mzima! Na Bwana Anas alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, wala hakuambiwa naye hata “ah!” wala hakuulizwa, mbona umefanya hivi. Basi sinia hufundisha kwa njia zote mbili. Mtoto amwonaye baba akilikata kichwa la nguru na kuliweka mbele yake mwenyewe, kisha mama akifuta mchuzi uliobaki kwa wali wa chini, amekwisha soma somo lake juu ya wanawake, wala hana haja ya mwalimu.

Na imeamriwa katika hadithi iliyo sahihi kwamba mtumishi akimletea mtu chakula, amkalishe ale naye. Na kama hakumkalisha, basi ampe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyelistahimili joto lake na kukitengeneza. Hiyo ni haki ya mtumishi. Haki ya mke aliyestahimili joto lile lile, na mtoto mwenye homa mgongoni, kila mwenye akili aweza kuikisia.

Usiku ule yule mtu alirudi kwa mwalimu akamhadithia mchezo wa watoto. Mwalimu alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia, “Sharti lako umelifunga juu ya mkeo kuunguza. Hukulifunga juu yako. Basi wali wa nyumba yako usimamie wewe.”

Alidhani anafanyiwa mzaha. Lakini alikwisha jua kwamba hana mlango mwingine, akaanza kufunga duka kabla ya adhuhuri kwa muda wa nusu saa. Mkewe hukuna nazi na kuchuja tui na kuutia wali. Likifika tui la kukauka, mume hukaa juu ya kibao penye moshi, akaupalia makaa, akautazama. Siku za kwanza watoto walikuwa wakisimama mlangoni wakimshangaa. Baadaye yule wa miaka sita akawa akimletea kuni, na yule wa miaka minne akawa akimwuliza kila mara, “Baba, umeiva?” Akajua kwa macho yake mwenyewe jinsi kuni mbichi zinavyolia, na jinsi mtoto anavyochagua kulia wakati wali unapotaka kushika. Na samaki akawa akimpeleka asubuhi.

Haukupita mwezi, siku moja mteja alimfuata nyumbani kwa ajili ya bei ya kitambaa. Akatoka barazani kumjibu, maneno yakarefuka, na aliporudi moshi umekwisha badilika rangi. Wali ulikuwa umeungua kuliko siku ile ya mgeni. Akaupakua, akaliweka sinia juu ya mkeka, wakaketi wote watano, kwani tangu aingie jikoni walikuwa wakila pamoja. Watoto walimtazama baba yao, kisha wakamtazama mama yao.

Mke akataja jina la Mwenyezi Mungu, akatia tonge kinywani, akalitafuna polepole, akalimeza. Kisha akamwomba mumewe amsogezee samaki, akawamegea watoto ukoko.