Daraja Linalorudishwa

Kitu cha kale huheshimiwa kwa dhana kwamba kimedumu, na kudumu huchukuliwa kuwa ni kubaki mahali pale pale na kwa umbo lile lile, bila kuguswa na lolote isipokuwa umri. Dhana hiyo haitoshi kueleza hali ya Tarr Steps, daraja la mawe lililoko katika bonde la mto Barle, ndani ya hifadhi ya taifa ya Exmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako familia nyingi huenda mandari, yaani hutoka na chakula chao na kushinda huko kutwa nzima. Daraja hilo lina urefu wa mita zipatazo 55 na mapengo 17 ya kupitisha maji, na ujenzi wake ni mwepesi kuueleza: mawe yamepangwa mtoni kuwa nguzo fupi, na juu yake yamelazwa mabamba mapana, mengine yenye uzito wa tani moja au zaidi, bila chokaa wala saruji, kila bamba likishikiliwa na uzito wake tu. Wako waliodhani kwamba ni la kabla ya historia, ingawa wengi leo hulihesabu kuwa la zama za kati, nayo masimulizi ya wenyeji husema lilijengwa na Shetani ili apate mahali pa kuota jua.

Uzito huo, hata hivyo, hautoshi. Mto ukifurika, na magogo yanayoletwa na maji yakazigonga nguzo, mabamba hung'oka na kuchukuliwa na mkondo. Ndivyo ilivyokuwa katika gharika ya Agosti 1952, na tena mwaka 2012 na 2016. Kwa hiyo kebo ya chuma imetandazwa upande wa juu wa mto ili kunasa magogo, na mabamba yenyewe yametiwa namba, ili maji yakipungua kila moja litafutwe, litambuliwe na kurudishwa mahali pake.

Hapo ndipo linapozuka swali la utambulisho, ambao katika falsafa ni hali ya kitu kuwa kile kile licha ya mabadiliko yanayokipata. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia juu ya meli ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni meli ile ile na hawa wakikana. Naye mwanafalsafa Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, akauliza ingekuwaje iwapo mtu angezikusanya zile mbao kuukuu na kuziunga upya. Tarr Steps ni mfano wa upande wa pili. Kwa meli, umbo liliendelea ilhali mada, yaani kile ambacho kitu kimeundwa kwacho, ilibadilika. Kwa daraja, mada kwa sehemu kubwa ni ile ile ilhali umbo hukatika, kwani usiku wa gharika, pale mabamba yanapotawanyika, pengine hakuna daraja la kuvukia. Anayedai kwamba utambulisho hauvumilii kukatika atalazimika kusema kwamba linalovukwa baadaye ni daraja jingine, kauli inayokubalika kimantiki lakini isiyolingana na namna watu wanavyoishi na vitu vyao.

Lililo karibu zaidi na kweli ni kwamba, mabamba yakiwa chini ya maji, utambulisho wa daraja hutunzwa nje ya mawe, katika namba na katika azma ya watu wanaoona kwamba kila bamba lina mahali pake. Namba hairudishi jiwe. Lazima awepo anayejali. Mtoto anayevuka ameshikwa mkono na bibi yake, akisita penye ufa kati ya bamba na bamba ambamo maji yanaonekana yakipita, kisha akilala kifudifudi juu ya jiwe lililopata moto wa jua ili achungulie samaki, hafundishwi historia yoyote. Anachopata ni ujuzi wa mwili kwamba hapa ndipo panapovukwa, na huo ndio unaomfanya mtu mzima aone kwamba daraja lililobomoka ni hasara yake.

Familia yenyewe hudumu kama ile meli, si kama daraja. Aliyefariki harudishwi kwa namba, na atakayeshika nafasi ya bibi siku moja ni huyo huyo mtoto, ambaye ataishika kwa namna yake na hivyo kuibadilisha. Watu wasioweza kurudi huenda basi kwenye kitu kinachorudishwa, na huko hupata kipimo cha mabadiliko yao wenyewe. Kulifunga daraja hilo kwa saruji ili lisiweze kung'oka tena kungeyaokoa mawe, lakini kungeviondolea vizazi vijavyo kazi ya kulirudisha, ambayo kwa muda mrefu imekuwa sehemu ya daraja sawa na mabamba yake.