Cheo cha Msafiri na Uaminifu wa Kweli



Baba mmoja wa watoto wanne, ambaye kazi yake yamlazimu kusafiri mara kwa mara kwa ndege, ametuletea swali. Asema ya kuwa, kwa sababu ya kulala usiku mwingi katika hoteli za kampuni moja, amepewa kadi ya dhahabu. Sasa rafiki zake wamemwambia kuwa akiionyesha kadi hiyo kwa kampuni fulani ya ndege, atapewa huko nako cheo cha wateja wakubwa, japo hajasafiri nayo hata mara moja. Auliza: Je, jambo hili ni halali, ama ni kujitwalia heshima nisiyoistahili?

Wengi wenu hamjapanda ndege, na pengine mtasema kuwa hayo ni mashaka ya wenye nafasi. Lakini swali lenyewe lamhusu kila mtu, maana ndani yake mna mambo matatu ambayo hakuna nyumba isiyoyajua: heshima, fedha ya mwingine, na uaminifu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lilivyo. Hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyosimamia nauli za ndege na njia za kupita. Mwaka huo sheria mpya ililegeza usimamizi huo, na makampuni yakaanza kugombania abiria. Mei 1981 kampuni ya American Airlines ikaanzisha mpango wa kuwahesabia abiria maili walizosafiri na kuwatuza tiketi za bure. Wenzake wakafuata upesi. Mwaka 1983 hoteli za Holiday Inn na Marriott nazo zikaanza kuwatuza wageni waliorudi kwao. Baadaye wateja wakapangwa kwa madaraja, na madaraja yakapewa majina ya madini: fedha, dhahabu, platini. Mwenye daraja la juu apita foleni fupi, aruhusiwa mizigo zaidi, na akifika hotelini apewa chumba kizuri zaidi kikiwapo. Mipango hiyo yote imepewa jina zito sana, nalo ni uaminifu.

Kulinganishiwa cheo kwaja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mapatano ya makampuni. Mwaka 2013 kampuni ya ndege ya United na kampuni ya hoteli ya Marriott zilipatana kutambua vyeo vya wateja wao: mwenye dhahabu ya United akapewa dhahabu ya Marriott, lakini mwenye platini ya Marriott, cheo kilichotaka usiku 75 wa kulala hotelini katika mwaka mmoja, akapewa fedha tu kwenye ndege. Tazama, basi, hata heshima ina bei yake ya kubadilishiwa, kama sarafu mpakani! Huku kwetu nako, Kenya Airways iliingia katika umoja wa SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian Airlines katika umoja wa Star Alliance mwaka 2011. Na katika miungano hiyo mwenye cheo cha juu kwa kampuni moja hutambuliwa na wenzake.

Njia ya pili ni ya ushindani. Mteja apeleka ushahidi wa cheo chake kwa kampuni nyingine, mara nyingi picha ya kadi yake na hesabu ya safari zake, naye apewa cheo kinachofanana. Mara nyingi cheo hicho ni cha majaribio, kama miezi mitatu hivi. Akitaka kubaki nacho, sharti asafiri mara kadhaa au atumie kiasi fulani cha fedha kabla ya muda kwisha. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Haya, je, ni halali? Kwa jambo lenyewe, twajibu bila kusita: ni halali. Kampuni yatoa kilicho chake, kwa hiari yake, nayo yajua itendalo. Haikutuzi kwa mambo ya jana, maana jana hukuwa wake. Yakinunua kesho yako. Mfanyabiashara anayempunguzia bei mteja wa jirani yake ili amvute hajatenda dhambi, wala mteja anayekubali hajaiba. Lakini sharti la kwanza ni ukweli. Anayebadili tarehe katika picha ya kadi iliyokwisha muda, anayetumia kadi ya ndugu yake, au anayeandika safari asizosafiri, huyo amesema uongo ili apate kitu cha thamani. Nao uongo haugeuki kuwa ujanja halali kwa sababu tu aliyedanganywa ni kampuni tajiri.

Sharti la pili ni kukijua kitu kwa jina lake. Msomaji wetu aogopa kujitwalia heshima asiyoistahili. Twamwambia: si heshima, ni bidhaa. Mwaka 2008 kampuni ya Northwest ya Marekani ilimwondoa katika mpango wake mteja wa daraja la platini, Rabi Ginsberg, ikidai kuwa ameutumia mpango huo vibaya. Yeye alisema ya kuwa ameondolewa kwa sababu ya kulalamika mara nyingi, akashtaki kuwa hakutendewa kwa nia njema. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi ile, na Aprili 2014 majaji wote 9 waliamua kuwa sheria ileile ya 1978 yalizuia dai lake. Hatusemi hapa nani alikuwa mwema na nani mbaya. Twasema tu: yafaa gani kujivunia kitu ambacho aliyekitoa aweza kukifuta kwa barua moja? Heshima ya mtu haitoki kwenye meza ya mapokezi. Mama aliyesimama katika foleni ndefu, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, hakupungukiwa kitu hata kidogo kwa kukosa kadi. Mwenye kadi akipita mbele yake, na apite kwa adabu, akijua ya kuwa kilichomtanguliza ni hesabu ya malipo, wala si ubora wa nafsi.

Sharti la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo lahusu fedha. Kadi ile ya dhahabu ilipatikana kwa fedha ya nani? Kwa wasafiri wengi wa namna yake aliyelipa ni mwajiri: serikali, shirika, au chama. Nchi hazikuamua sawasawa juu ya jambo hili. Nchini Marekani sheria ya mwishoni mwa mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kujiwekea maili zitokanazo na safari za kazi. Nchini Ujerumani mwaka 2002 wanasiasa wawili mashuhuri, Gregor Gysi na Cem Özdemir, waliacha nyadhifa zao baada ya kujulikana kuwa walitumia kwa safari zao wenyewe maili walizozipata katika safari za utumishi wa umma. Mtu na amwulize mwajiri wake, tena kwa uwazi. Akiruhusiwa, na ale kwa amani.

Lakini hatari kubwa yaja baada ya kupewa cheo, katika miezi ile mitatu ya majaribio. Hapo mtu mwema aanza kutafuta sababu. Mkutano ambao ungetoshelezwa na barua, aona sharti auhudhurie mwenyewe. Kati ya tiketi mbili, achagua ile ya bei kubwa, maana ni ya kampuni “yake”, na tofauti yalipwa kwa masurufu ya ofisi. Mkaguzi wa hesabu hataona kosa, kwani stakabadhi zote zipo. Lakini yeye ajua. Na nyumbani, mtoto aliyengoja Jumamosi baba arudi, aambiwa angoje Jumatano, kwa sababu zimebaki safari mbili tu kadi isishuke. Hapo si mtu anayetumia kadi tena. Kadi yamtumia yeye.

Ndipo twafika kwenye neno lile lililochukuliwa na wafanyabiashara: uaminifu. Jambo hili la kulinganishiwa cheo limetusaidia kuona kuwa walichokiita uaminifu sicho. Kitu kiwezacho kuhamishwa kwa picha ya kadi ni hesabu ya biashara. Hesabu njema labda, lakini hesabu. Uaminifu wa kweli hauna mlinganisho. Hakuna mume aendaye kwa mwanamke mwingine na cheti cha ndoa cha miaka 20 akiomba aanze huko akiwa na cheo cha miaka 20. Hakuna rafiki awezaye kuuhamisha urafiki wa utotoni kwa mtu aliyekutana naye jana. Uaminifu wa namna hiyo hujengwa mahali pamoja, na mtu mmoja, siku kwa siku, nao haubebeki. Ndiyo maana una thamani. Makampuni yaweza kuliazima jina hilo. Sisi tusikubali kuwaachia na maana yake.

Basi, ndugu yetu uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Omba cheo hicho ukitaka, kwa kadi yako mwenyewe na kwa maneno ya kweli. Pumzisha miguu yako katika chumba chao, maana safari zachosha. Usinunue hata tiketi moja kwa fedha ya mwingine ili tu usishuke daraja. Na siku barua itakapokuja kukuambia ya kuwa muda wako umekwisha na wewe si mtu wa dhahabu tena, isome kwa sauti mezani, watoto wakisikia, kisha mcheke pamoja. Hapo mezani cheo chako hakikutolewa kwa majaribio ya miezi mitatu, wala hakuna kampuni iwezayo kukulinganishia kingine kama hicho.